Namba ya Bure Iliyokataa Kuita

Mume wangu tulimzika Jumanne alasiri, na kabla watu hawajamaliza kunawa mikono, pampu ya kisima ikazima.

Sisemi vitu hivyo viwili vilihusiana. Nimeishia darasa la saba, lakini najua pampu haina habari na msiba wa mtu. Ilizima kwa sababu siku zake zilikuwa zimetimia. Ni pampu ya jua, tuliyofungiwa na mradi kijijini kwetu upande wa Kongwa, na ina kisanduku chenye kioo kidogo. Kila baada ya miezi mitatu kisanduku hicho kinajifunga chenyewe mpaka mwangalizi awapigie simu watu wa mradi, awasomee tarakimu zilizo kwenye kioo, nao wampe tarakimu nyingine za kukifungulia. Ndivyo wanavyojua kwamba kuna mtu anakitazama. Mwangalizi alikuwa mume wangu. Simu hiyo aliipiga yeye tangu pampu ifungwe, na hatukuwahi kukosa maji kwa uzembe wake.

Namba ya kupiga ilikuwa imeandikwa kwa rangi kwenye mlango wa kisanduku. Ilianza na sifuri nane sifuri sifuri, na chini yake palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: BURE.

Jumatano asubuhi mwenyekiti wa kamati ya maji akaja msibani. Nilikuwa kwenye mkeka chumba cha mbele, khanga mpaka kwenye nyusi, na kando yangu wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, aliyepewa kazi ya kunikalia. Katika ukoo wetu mjane hatoki ovyo wala hapazi sauti mpaka matanga yaanuliwe. Mwenye shida naye humfuata mkekani. Mwenyekiti alivua viatu mlangoni, akachuchumaa, akatoa pole, akanyamaza kama inavyotakiwa. Kisha akatoa karatasi mfukoni.

"Shemeji, unisamehe kukuletea haya hapa. Maji yamekatika."

"Nimesikia. Wanawake wameamkia korongoni."

"Namba ni hii. Tarakimu za kwenye kioo ni hizi hapa chini. Tumepiga tangu jana jioni, kila mtu na simu yake. Haiiti."

"Pigeni tena."

"Shemeji, hata mwaka jana tulipiga. Alipolazwa Dodoma, unakumbuka? Tulipiga siku mbili, simu inasema namba haipo. Akarudi, akaenda kule kwenye kichuguu, akapiga peke yake, jioni maji yakatoka. Tukamuuliza, akasema namba ni hiyohiyo, ni bure, pigeni tu." Akaipangusa karatasi kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. "Mtu akikuambia mlango uko wazi, wewe ukisukuma haufunguki, na yeye kila siku anapita, utasemaje?"

"Sema wewe."

"Watu wanasema alikuwa na namba nyingine, akaificha. Alitaka kisima kisiende bila yeye."

Wifi yangu akasema, "Watu gani hao? Wana majina?"

"Dada, mimi nimetumwa tu na kamati."

Akaeleza alichotumwa. Ijumaa, siku ya kuanua matanga, msemaji wa ukoo huuliza mbele ya wote kama kuna mwenye neno na marehemu. Ukiwa na neno unalisema siku ile, ukikaa kimya limekwisha. Mwenyekiti alisema siku ile atasimama. Hatasimama kwa ubaya, lakini atasimama, aseme kwamba marehemu aliwaambia watu uongo kuhusu namba ya maji, na kwamba ukoo uitoe namba ya kweli.

Akaondoka akiwa ameacha karatasi juu ya mkeka.

Mume wangu alikuwa na makosa yake. Alikuwa mzito wa kusema, ungemuuliza jambo asubuhi akakujibu wakati wa kula. Alinuna haraka. Lakini uongo sikuwahi kuukuta kwake, na nimekaa naye miaka ishirini na sita. Nilijiambia: siku mbili zinatosha. Namba hii ina mwenyewe. Iko kwenye mtandao wa kampuni moja kati ya hizi zilizopo, na mimi ndiye wa kujua ni ipi, kwa sababu hakuna mtu kijijini anayejua namba za simu kunishinda.

Si majivuno. Kwa miaka kumi niliuza vocha kwenye kibanda cha njia panda. Mtu akinitajia tarakimu tatu za mwanzo namwambia mtandao wake kabla hajamaliza, kama mfugaji anavyomjua ng'ombe wa jirani kwa alama ya sikio. Nchi nzima tunafanya hivyo. Kabla ya kupiga tunaangalia mwanzo wa namba, tunajua huyu ni mwenzangu wa mtandao au ni wa mbali. Lakini namba za bure zote zinaanza sawa. Zile sifuri na nane hazisemi lolote. Ni ng'ombe asiyekatwa sikio.

Majina ya kampuni sitayataja. Hazijanituma kuzitangaza, na hapa hakuna iliyokosea.

Najua utauliza kwa nini hatukuchukua simu ya marehemu tu tukapiga. Simu yake ilikuwa kwenye fungu pamoja na koti na fimbo, wifi yangu mwenyewe amelifunga kwa kitambaa cheusi, na fungu la marehemu kwetu halifunguliwi mpaka wenye maneno wawe wamemaliza kusema. Tena simu yenyewe ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri niliyokuwa siijui. Fungu lilikuwa chumba cha ndani, hatua sita kutoka nilipokaa. Sikuligusa. Jina la mtu huwezi kulisafisha kwa mkono uliovunja mwiko wake.

Nikaanza na simu yangu. Ndani ya nyumba yetu mawasiliano hayashiki kwa sababu ya bati. Wote tunapandia kwenye kile kichuguu nyuma ya zizi. Mimi sikuruhusiwa kwenda, basi nikampa wifi.

Akarudi. "Yule mwanamke wa kwenye simu anasema namba haipo."

"Amesema haipo, au haipatikani?"

"Kuna tofauti?"

"Ipo kubwa."

Akarudi kichuguuni, akanung'unika njia nzima, akaja. "Haipo."

Hilo liliniuma kuliko maneno ya mwenyekiti. Laini yangu na ya mume wangu tulizinunua siku moja, Kongwa mjini, namba zinafuatana, mwanzo mmoja, mtandao mmoja. Kama kwenye mtandao wangu namba haipo, kwenye wake ingekuwepo vipi? Nilivuta kijiti cha fagio, nikachora mistari minne kwenye vumbi kando ya mkeka, kwa sababu mitandao inayoshika kwetu ni minne. Wa kwanza nikaupiga msalaba.

Msiba una faida moja ambayo hakuna anayeisema: watu wanatoka kila upande, na kila mtu ana simu. Mdogo wangu alikuwa ameshafika kutoka Miyuji na binti yake, ambaye anafanya kazi ofisini mjini. Laini zao ni za mtandao wa pili. Binti alikwenda kichuguuni na viatu vyake vya mjini, akarudi na miiba kwenye pindo la sketi.

"Mama mkubwa, inasema huduma hii haipatikani kwa sasa. Lakini subiri, nimewapigia huduma kwa wateja."

"Wa kwenu?"

"Wa kwetu. Wamesema hiyo namba si yao."

"Ni ya nani?"

"Hawajui."

"Hawajui au hawasemi?"

"Mama mkubwa, wamesema asante kwa kupiga, wakakata." Akatoa simu yake kubwa. "Nimetafuta na mtandaoni. Huyu ameandika namba zinazoanza hivi ni za kampuni fulani. Huyu ameandika ni za nyingine. Na wote wanaonekana wana hakika."

"Wenye hakika tunao wengi hapa nje," mdogo wangu akasema. "Hatuhitaji wa mtandaoni."

Mstari wa pili nikaupiga msalaba.

Mtandao wa tatu ulikuwa wa mchungaji. Alipokuja kuomba nasi mchana nilisubiri amina, kisha nikamwomba laini yake. Mchungaji wetu ni kijana, hana makuu. Akaenda mwenyewe, Biblia kwapani, wazee wakamtazama akipanda kichuguu.

"Mama, hata haijaribu," alisema. "Ukigusa tu inakata."

"Pole baba mchungaji, umechafua viatu."

"Nimetumwa mbali kuliko hapo."

Msalaba wa tatu. Nikalala usiku huo nikiwa na moyo. Nilikuwa nimebakiza mmoja, na mchezo wa mmoja aliyebaki hauna siri: kama si watatu hawa, ni wa nne.

Shida ni kwamba mtandao wa nne kijijini kwetu hakuna anayeutumia. Hapa unashika kidogo, kwa kusimama juu kabisa ya kichuguu. Nilipouza vocha, za kwao zilikaa mpaka zikapauka rangi. Nikawauliza waliokuja mmoja mmoja, kila aliyeinama kunipa pole namuuliza kwa sauti ya chini: una laini gani? Mwanamke mmoja wa mtaa wa Kikuyu, Dodoma mjini, rafiki wa mdogo wangu, alidhani msiba umenipanda kichwani. Akamwambia wifi anipe uji.

Alhamisi kabla ya saa sita akafika shemeji yangu kutoka Chemba, kaka mkubwa wa marehemu, aliyechelewa maziko kwa kukosa usafiri. Alioa kule akabaki kule, na Kiswahili chake sasa kina milio ya wakweze. Alilia mlangoni, tukalia naye. Baada ya muda, akiwa ameshakunywa maji, maji ya korongo yenye rangi ya chai, nikamuuliza swali langu. Akataja mtandao wa nne. Kule shambani kwake, alisema, hakuna mwingine unaoshika.

Nikampa karatasi. "Shemeji, nipigie namba hii. Ni ya bure."

"Ya bure?"

"Ya bure kabisa."

Akavaa miwani, akatoka. Nilisikia fimbo yake ikigonga mawe mpaka zizini. Alikaa huko muda mrefu ndipo akarudi.

"Hawapokei."

"Hawapokei?"

"Hawapokei, shemeji. Nimesubiri pale juu mpaka jua limenichoma. Hakuna kitu."

Nikachukua kijiti. Msalaba wa nne.

Sasa niseme jambo ambalo si zuri, lakini ndilo lililotokea. Kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi niliamini kwamba mume wangu alitudanganya. Sikuwa na shaka, niliamini. Mitandao minne, misalaba minne, wala hakuna wa tano. Nikaanza kumkumbuka kwa namna nyingine. Nilimwona anavyopanda kichuguuni kupiga simu ya kisima, ametupa kisogo, hataki mtu karibu. Kwa nini hakuwahi kupigia mbele yangu? Nilimkumbuka siku aliyorudi hospitali, maji yalipotoka na watu wakamshika mkono, uso wake ulivyong'aa. Nikasema moyoni: kumbe ulikuwa unapenda hivyo. Kumbe ulikuwa tayari watu wakae na kiu ili uwe mtu. Wanawake waliokuwa wanatwanga nje walikuwa wamechoka, chakula kilikuwa kinachelewa kwa ajili ya maji, na kila mtwangio nilisikia kama unanipiga mimi. Niliona aibu kwa ajili yake, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu, na hakuna iliyoiondoa nyingine.

Nilikuwa nimeshaamua kwamba kesho mwenyekiti akisimama nitanyamaza.

Shemeji alikuwa amekaa kizingitini, mgongo kwangu, miguu nje. Alitaka kumjulisha mwanawe kwamba amefika salama. Upepo ulikuwa umegeuka, na pale kizingitini wakati mwingine mtandao wake unapita. Nikamwona akitafuta namba, akaweka simu sikioni, nikasikia ikiita mara moja. Akakata. Akaitia simu mfukoni, akafumba macho.

"Shemeji, mbona hujaongea naye?"

"Atapiga. Akiona namba yangu anapiga."

"Umembipu."

"Eh."

Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua tangu saa saba na sikuwa nimekishika. Wifi alisema namba haipo. Binti alisema huduma haipatikani. Mchungaji alisema inakata. Shemeji peke yake alisema hawapokei. Huwezi kusema mtu hapokei kama simu haikuita.

"Shemeji, ile namba niliyokupa. Ulipiga vipi?"

"Kama ninavyopiga."

"Iliita?"

"Iliita."

"Mara ngapi?"

Akageuka akanitazama kama nimemuuliza idadi ya meno yake. "Mara moja. Si nilikata? Ikaita, nikakata, nikasubiri wapige. Nimesubiri sana, wifi yako shahidi. Watu wa kampuni hao, wana simu mezani, wanashindwa kunipigia mimi mzee?"

Wifi yangu alikuwa ananyonya jino. Akaliacha. "Kaka! Ulibipu namba ya bure?"

"Mimi tangu ninunue simu sijawahi kumaliza kupiga. Kupiga kwangu ndiko huko."

"Ni bure! Ukiongea mpaka kesho ni bure!"

"Bure ya simu naijua. Unaambiwa bure, ukishafungua mdomo wanakata salio."

Mdogo wangu akaanza kucheka akiwa amejiziba mdomo kwa khanga, na hakuna kibaya kama kicheko cha msibani, kinaambukiza kuliko kilio. Wifi akacheka. Mimi nikacheka, mjane wa siku mbili, machozi yananitoka, sijui ni ya lipi. Watu wa nje wakachungulia. Shemeji akasema kwa hasira, "Sasa nani amekufa hapa, mimi au mdogo wangu?" Hilo nalo likatumaliza.

Nilipopata pumzi nikasema, "Nipe simu. Nakwenda mwenyewe."

Wifi akaacha kucheka. "Unakwenda wapi? Matanga hayajaanuliwa."

"Kichuguuni."

"Atapiga yeye."

"Atakata."

"Sikati," shemeji akasema, lakini hata yeye hakuamini.

Wifi yangu alinitazama. Ni mwanamke mkali, na desturi za kwao anazishika kama funguo. Lakini marehemu alikuwa mdogo wake, alimbeba mgongoni. Akasimama, akanifunika khanga ya pili. "Basi tutasema tunakwenda msalani."

"Tuseme tunakwenda kupiga simu."

"Wewe nawe! Hata uongo wa choo?"

"Wifi, siku ya uongo si leo."

Tukapita katikati ya wanaume waliokuwa wamekaa uani. Waliacha kuongea. Mzee mmoja aliuliza, "Anakwenda wapi?" Wifi yangu akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka zizini, "Anakwenda kupiga simu!" Mzee akakusanya miguu, tukapita.

Juu ya kichuguu nilibonyeza tarakimu moja moja. Ikaita. Ikaita ya pili. Ya tatu nilimwona shemeji chini anatikisa mkono, anataka nikate. Ikaita mara saba, kisha muziki, kisha sauti ya msichana, mtu wa kweli mwenye mafua.

Nilimwambia ninapopigia, nikamsomea tarakimu za kwenye karatasi. Nikasikia anagonga vitufe.

"Mama, kisima hiki mwangalizi wake ni baba mmoja hivi. Tumemtafuta tangu Jumanne, simu yake imezimwa."

"Ndiye mume wangu. Jumanne tulikuwa tunamzika."

Vitufe vikaacha kugongwa. Nilidhani mtandao umekatika. "Pole, mama. Pole sana. Alikuwa hapitishi siku. Hata salamu zake zilikuwa fupi."

"Kwani alikuwa anapiga namba hii hii?"

"Hii hii. Hatuna nyingine."

"Kwa simu ipi? Laini yake ni kama yangu, na yangu haiiti."

"Ah, hapana. Huduma yetu iko kwenye mtandao mmoja tu, huu uliopigia sasa. Mwanzoni alikuwa hatupati, alikuja kutupigia kwa simu ya fundi wetu. Fundi akamwelekeza ahamie mtandao huu. Akahama, namba yake ikabaki vilevile. Imeandikwa hapa."

Nilikuwa nimesahau kwamba mambo hayo yapo. Mimi, niliyeuza vocha miaka kumi. Sheria imeruhusu tangu zamani mtu ahame kampuni aondoke na namba yake, lakini kwetu ni nani anayefanya? Sote tunasoma mwanzo wa namba kama alama ya sikio, na sikio la mume wangu lilikuwa limebaki na alama ya zizi aliloliacha. Ndiyo maana alipanda juu kabisa ya kichuguu. Mtandao ule haushiki vizuri kwingine. Hakuwaambia kamati kwa sababu, najua sasa, alidhani mbovu ilikuwa laini yake ya zamani peke yake, na kila mwingine mwenye simu akiona neno BURE atapata. Wala mimi hakuniambia. Hilo si la ajabu. Alikuwa mtu ambaye angeweza kubadili dini ukajua baada ya Pasaka.

"Mama, upo? Nahitaji jina la mwangalizi mpya ndipo mfumo utoe tarakimu."

"Kamati haijakaa."

"Nahitaji jina lolote, mama. La mtu mmoja."

Nilimtazama wifi. Wifi akamtazama kaka yake chini ya kichuguu, akatikisa kichwa. Nikataja langu. Kamati ilipokuja kukaa iliacha hivyo, na mpaka leo ninayepiga ni mimi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchukua rangi nikaandika chini ya lile neno BURE aina ya laini ya kupigia, na chini yake tena: USIBIPU, SUBIRI.

Msichana akanisomea tarakimu kumi na mbili. Mimi nikazitaja kwa sauti, wifi akazirudia, shemeji chini akaziandika kwenye vumbi kwa fimbo, na mdogo wangu akazinakili kwenye kiganja kwa kalamu ya binti yake, kuku wasije wakazifuta pale chini. Akakimbia nazo mpaka kwa mwenyekiti. Tuliporudi mkekani wifi aliniketisha, akanipangusa vumbi miguuni. Baada ya muda tukasikia kelele za watoto upande wa kisima, na mmoja wa wanawake waliokuwa wanatwanga akaacha mtwangio ukiwa umesimama ndani ya kinu, akachukua ndoo mbili.

Mwenyekiti hakuja siku hiyo. Nilielewa. Mtu akikosea anahitaji usiku mmoja.

Ijumaa tulinyolewa, nyumba ikafagiliwa, watu wakakaa uani wanaume huku wanawake kule. Msemaji wa ukoo alisimama na kofia mkononi, akaeleza jinsi marehemu alivyougua na alivyotutoka. Kisha akauliza: mwenye neno na marehemu?

Mwenyekiti akasimama. Kamati yote ilikuwa imekaa nyuma yake.

"Mimi Jumatano nilikuwa na neno," alisema. "Nililipeleka mpaka kwenye mkeka wa mjane. Neno lile halikuwa la kweli. Marehemu alituambia namba ni ile na ni bure. Namba ni ile, na ni bure. Sisi ndio hatukumuuliza vizuri. Kamati imenituma kusema hivyo, na mimi mwenyewe nasema hivyo."

"Na kubipu je?" sauti ikatoka kwa wanaume. Watu wakacheka. Shemeji akaikaza fimbo yake, akatazama mbele.

Msemaji akangoja watulie. "Yupo mwingine mwenye neno?"

Nikanyoosha mkono. Wifi akanivuta khanga, lakini nilikuwa nimeshasimama.

"Mimi ninalo."

Msemaji akaninyooshea kofia: sema.

"Jana, tangu saa saba mpaka saa kumi, niliamini kwamba mume wangu alikuwa mwongo. Hakuna aliyenilazimisha. Niliamini mwenyewe. Nimeona mwenyekiti amesema la kwake, na mimi nisiposema la kwangu nitakuwa nimemwachia mzigo wote. Ndilo neno langu."

Msemaji alinitazama, kofia yake inazunguka vidoleni. Ni mzee, amesimamia matanga mengi.

"Saa tatu?"

"Saa tatu."

"Saa tatu tu?" Akawageukia wanaume. "Wangu ana mwaka wa arobaini hajaniamini hata salamu."

Kutoka upande wa wanawake mke wake akajibu, "Na sababu ninazo!" Wifi yangu akanishika bega, akanikalisha. "Umesema," akaniambia sikioni. "Yatosha."

Msemaji akavaa kofia. Akauliza mara ya tatu, kama inavyotakiwa, akangoja, akatazama kila upande. Hakuna aliyesimama. Ndipo akatangaza mbele ya wote kwamba marehemu hana neno na mtu.